Joto Lile Lilihesabika

Nianze na mtaalamu, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza. Majina sitayaandika, mji wetu ni mdogo na mimi bado naishi humo, lakini vyeo vyao nitavitaja, na wakisoma watajijua. Wa kwanza ni mtaalamu wa miradi aliyeletwa kutufundisha kutengeneza sabuni. Wa pili ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama hapa Bagara. Hao wawili walinitoa jicho la kushoto, wakanichubua shingo na mkono, halafu kosa lao wakanitwisha mimi.

Mkoa ulikuwa mpya. Tulikuwa tumekatwa kutoka Arusha, na Babati, mji wa watu kupita wakienda zao, ikaamka siku moja ni makao makuu. Wageni wakawa hawaishi. Leo anapokelewa huyu, kesho yule. Jirani yangu mmoja alikuwa akisema, "Sasa na sisi ni mkoa, hata mbwa wetu wabweke Kiswahili sanifu." Tulicheka sana siku hizo. Kikundi kilichokuwa na kitu cha kumwonyesha mgeni kilikuwa na maana, kisicho na kitu kilikufa, na sisi tulikuwa na sabuni.

Sabuni ya mche inataka vitu viwili vikubwa. Mafuta, sisi tulitumia mawese, na kostiki. Kostiki ni vipande vyeupe kama chumvi iliyoganda, lakini si chumvi. Inakula ngozi, inakula nguo, inakula hata rangi ya beseni. Unaiyeyusha kwenye maji, yale maji ndiyo unayachanganya na mafuta, unakoroga mpaka yashike.

Siku ya kwanza mtaalamu alitufundisha vizuri, na hilo ndilo linanikera kuliko yote. Angekuwa mjinga ningemsamehe. Alisimama uani kwa mwenyekiti, shati jeupe, kalamu mfukoni, akasema maji baridi kwanza, kostiki baadaye, kidogo kidogo, huku mnakoroga. Akasema msiiname juu ya pipa. Akasema ikishayeyuka iachwe mpaka kesho yake ipoe. Tukagusa pipa kwa nje, lilikuwa la moto, na moto hatukuwasha. Mama mmoja wa Singe akauliza, "Baba, huu moto umetoka wapi?" Mtaalamu akacheka, akasema hiyo ni kemia, hamtaielewa. Kwa hiyo alijua. Mtu asije akaniambia hakujua.

Siku ya mgeni ilikuwa kwenye ile baridi ya katikati ya mwaka, upepo unashuka kutoka mlima Kwaraa unakata masikio. Mtaalamu alikuwa ameagiza mgeni akute akina mama wanakoroga, siyo miche imepangwa tu kama dukani. Maana yake kostiki ilitakiwa iyeyushwe jana yake. Haikuyeyushwa. Jana yake mwenyekiti alitushindisha kwenye mazoezi ya wimbo, na kugawana vitenge vya sare, na kugombana nani asimame mbele. Asubuhi ndiyo akakumbuka. Akachukua kostiki yote, kilo tano, akaimwaga ndani ya pipa la plastiki tulilokuwa tumelikata nusu. Kavu. Kisha akasimama akilitazama lile pipa.

Mtaalamu akafika anahema. "Akina mama, msafara umefika Bonga. Iko wapi?"

"Ndiyo hiyo," mwenyekiti akasema.

Mtaalamu akachungulia. Kostiki ilikuwa imepata unyevu kwenye mfuko, imeshikana mabonge. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo ya maji ya bomba. Akaniambia weka chini hiyo, maji baridi haya yataanza leo yamalize keshokutwa. Halafu akasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo nikiosha vyombo.

"Nyie si mnajua magadi? Fanyeni kama magadi ya makande. Mwagieni maji ya moto, yeyuke, twende."

Kwa asiyetoka kwetu nieleze. Magadi tunanunua mnadani, mabonge ya kijivu yenye mchanga. Ukipika makande, unaweka bonge kwenye bakuli, unalimwagia maji ya moto, linayeyuka, uchafu unakaa chini, yale maji ya juu unayatia kwenye chungu maharage yalainike. Kila mwanamke wa huku amefanya hivyo tangu ana miaka saba. Hatufikirii. Mikono inajua yenyewe. Mtaalamu alipotaja magadi alikuwa amegusa mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu angeuliza swali, na naamini ndiyo sababu aliyataja.

Maji ya moto yalikuwapo, sufuria kubwa kwenye jiko la mwenyekiti. Yalikuwa ya chai ya mgeni. Yalikuwa yameshachemka, yameepuliwa, yanasubiri majani. Jikoni kwa mwenyekiti hakuna mtu alikuwa akigusa hata kijiko bila ruhusa yake, mnamjua. Ni yeye aliyesema, "Leteni haya." Na tuliyabeba wawili, yeye sikio moja la sufuria, mimi sikio moja. Tukamwaga pamoja. Yeye alikuwa upande unakotoka upepo. Mimi nilikuwa upande wa pili.

Hakikupita hata kitambo cha kusema kitu. Pipa lilinguruma. Sijui neno lingine. Likanguruma kutoka chini kama mnyama anataka kutoka, halafu likatapika. Nyeupe tupu. Niliona weupe, halafu sikuona.

Sasa hapo ndipo nawataka msikilize vizuri, kwa sababu kuungua ni jambo moja na lililofuata ni jingine. Maji ya bomba yalikuwa miguuni pangu, ile ndoo yangu. Hakuna aliyenimwagia. Mtu akapiga kelele, "Mafuta, mpakeni mafuta." Na mafuta yaliyokuwa karibu ni mawese ya sabuni. Wakanipaka shingo na mkono. Kostiki na mawese. Fikiria mwenyewe inatoka nini. Nilianza kuteleza, nawaambia, ngozi yangu ilikuwa inateleza mikononi mwao kama mche mbichi.

Halafu nikasikia sauti ya mtaalamu, ya chini, ya mtu anayepanga viti. "Msimpitishe barabarani sasa hivi. Msafara unaingia. Mpelekeni nyuma."

Nikapelekwa nyuma ya nyumba, kwenye kuni, nikafunikwa kanga. Mwenyekiti akasema, "Nyamaza, mwenzangu, vumilia kidogo tu, tusiaibike." Akarudi mbele. Wimbo ukaanza. Ule wimbo tuliofanyia mazoezi, wakauimba kwa nguvu kuliko mazoezi yote, na nilijua kwa nini wanauimba kwa nguvu. Mgeni akahutubia. Akasifu. Akala. Jua lilikuwa limeshageuka ndipo nikapandishwa kwenye gari iliyorudi kuchukua viti, nikapelekwa hospitali. Daktari aliuliza swali moja tu, "Mbona mmechelewa?" Aliyenisindikiza akamjibu kwamba usafiri ulikuwa wa shida.

Nilipotoka wodini hadithi ilikuwa imeshakomaa. Ilikuwa inasema hivi: nilikuwa na kiherehere, nilitaka mgeni anione, nikachukua kostiki nikaimwaga yote kwa mkupuo, ikalipuka. Maji ya moto hayakuwamo kwenye hadithi. Mtaalamu hakuwamo. Mwenyekiti alikuwamo, yeye ndiye aliyekuwa akinikataza.

Kwetu mwanamke anajulikana kwenye msiba, jikoni. Ukifika unashika kisu, unashika mwiko, unapewa sufuria, basi wewe ni mtu. Mimi nilianza kuambiwa, "Mama, wewe kaa tu upumzike." Mwanzoni nilidhani ni huruma ya jicho. Kisha siku moja nikasikia nyuma yangu, "Usimpe mwiko huyo, atatulipulia wali na marehemu bado yuko ndani." Wakacheka, kile kicheko cha msibani cha kuziba mdomo kwa kanga. Miaka yote nikawa nakaa kwenye mkeka na vikongwe na wajawazito. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, lakini alikufa akiamini kwamba nilijiunguza mwenyewe. Aliwahi kuniambia, kwa upole kabisa, "Na wewe una haraka, mke wangu." Nilikuwa namwosha miguu siku hiyo. Sikumjibu, kwa sababu sikuwa na cha kumjibia. Kukana nilikana tangu mwanzo. Kukana hakuna uzito. Nilisoma mpaka la nne, wenzangu walikuwa wengi, na mtaalamu ana shahada.

Jibu lilikuja kupanga chumba kwangu. Alikuwa mwalimu wa sekondari, binti mwenye maneno makavu, anafundisha kemia. Siku moja Jumamosi amekaa barazani anasahihisha, ananung'unika peke yake. Nikamuuliza kulikoni.

"Hawa watoto, mama. Nimewapa kostiki gramu kadhaa kwenye maji, wanipe joto lake. Mmoja ameniletea maji ya nyuzi elfu mbili. Nyumba nzima ingekuwa jivu."

Nikaweka chini ungo. "Mwalimu, umesema joto la kostiki linahesabiwa?"

"Linahesabiwa, ndiyo."

"Kabla hujaimwaga?"

Akaniangalia, akaangalia shingo yangu. Alikuwa hajawahi kuniuliza, ana adabu. "Kabla hujaimwaga, mama. Ndiyo kazi yake hesabu hiyo."

Nikamwambia yote. Akachukua kipande cha mkaa, akaanza kuandika kwenye sakafu ya baraza, mimi nimechuchumaa pembeni. Akaniambia kila gramu arobaini za kostiki wao wanaziita moli moja, na moli moja ikiyeyuka inatoa joto la kilojuli kama arobaini na nne. Kilo tano ni moli mia na ishirini na tano. Zidisha. Elfu tano na mia tano. Hiyo akaiita badiliko la enthalpi, akaweka mbele yake alama ya kutoa.

"Mbona kutoa, na joto limeongezeka?"

"Kwa sababu limetoka kwenye kostiki. Yenyewe imepungukiwa. Tunaandika kwa upande wa kitu kinachobadilika."

"Likitoka linakwenda wapi?"

"Linaingia kwenye vilivyokizunguka. Maji, pipa, hewa."

"Na mimi."

"Na wewe, mama."

Tukaendelea. Pipani zilikuwa lita kumi na tano za maji, na kostiki kilo tano, jumla uzito wa kilo ishirini. Kilo moja ya maji, ili ipande nyuzi moja, inataka kilojuli nne na kidogo. Kilo ishirini zinataka themanini na nne. Akasema tunachukulia mchanganyiko wote kama maji, hesabu za darasani ziko hivyo, zinapishana kidogo na ukweli lakini hazidanganyi. Sasa elfu tano na mia tano gawanya kwa themanini na nne. Kugawanya ninakujua, nilikufika. Nikamnyang'anya mkaa nikagawanya mwenyewe. Sitini na tano na ushee.

"Basi maji yako yanapanda nyuzi sitini na tano," mwalimu akasema. "Maji ya bomba ya Babati kwenye baridi ile, weka kumi na saba. Jumlisha."

Themanini na mbili.

"Na yanachemka kwenye ngapi?"

"Hapa kwetu juu, tisini na kitu. Hayafiki hata mia."

Nikatazama ile themanini na mbili. "Hii ni kostiki yote? Kwa mkupuo?"

"Yote kwa mkupuo. Ingeweza kurusharusha pale inapogusa, hatari ipo, mimi mwanafunzi wangu nisingemruhusu. Lakini pipa zima kuinuka na kutapika, hapana. Halichemki."

"Sasa weka maji ya chai."

Akaweka themanini tu, kwa sababu yalikuwa yameepuliwa. Themanini na sitini na tano. Mia na arobaini na tano. Akapiga mstari chini yake. "Maji hayawezi kufika huko, mama. Yakifika tisini na kitu yanaanza kugeuka mvuke, na joto lote lililozidi linafanya kazi hiyo hiyo, kuyarusha. Huyo mtu wenu alikuwa na shahada ya nini?"

Nilikuwa nalia, na sikulia kwa kufarijika, watu wasinielewe vibaya. Nililia kwa hasira. Miaka yote nilikuwa nimejiambia kwamba ilikuwa bahati mbaya, mapenzi ya Mungu, kitu ambacho mtu hawezi kukijua mbele. Kumbe ni hesabu ya watoto wa kidato. Kuzidisha mara moja, kugawanya mara moja, kujumlisha mara moja. Mtaalamu angeweza kuifanya kichwani akitoka getini mpaka kwenye pipa. Aliona afadhali aangalie barabara ya Bonga.

Nilikwenda kwake. Alikuwa amepanda, ana ofisi yenye kapeti. Nilimwamkia, akaniita mama yangu, akanitafutia kiti. Nikamweleza hesabu, hatua kwa hatua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hesabu yako ni sahihi kabisa. Lakini nani alisema mimi niliagiza maji ya moto? Mimi ninakumbuka ulimwaga kostiki yote." Akatabasamu. "Hesabu haina shahidi, mama yangu."

Nikatoka. Na alikuwa amenifundisha kitu, kwa mara ya pili. Shahidi alikuwa mmoja tu, yule wa sikio la pili la sufuria.

Sikumfuata kwake. Kwake angenipa chai na kunililia. Nilisubiri mpaka pakawa na msiba mtaani, nikaenda moja kwa moja jikoni, kwenye mafiga, wanawake wote wapo, mwenyekiti amekaa kwenye kigoda anaongoza kama kawaida yake, amezeeka lakini mdomo haujazeeka.

"Mama, wewe kapumzike," akasema.

"Sijachoka. Nina swali. Wewe husema nilimwaga kostiki yote kwa mkupuo, ndiyo maana ikalipuka."

"Jamani, kwenye msiba wa watu?"

"Kwenye msiba wa watu ndiko unakonisemea."

Nikawaambia hesabu. Sikuitaja moli wala enthalpi. Nikasema kostiki ile yote, kwenye maji ya bomba, inafika themanini na mbili, haichemshi pipa. Kwenye maji yaliyotoka jikoni inapita kuchemka mbali sana. Kwa hiyo kilicholipua ni maji. Tuulizane maji.

"Umeanza shule uzeeni," mwenyekiti akasema, na wawili watatu wakacheka.

"Nimeanza. Maji ya moto yalitoka jiko la nani?"

Akakoroga majivu kwa kijiti. Basi yule mama wa Singe, aliyeuliza siku ile moto umetoka wapi, alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Mbona mgeni siku ile alikunywa soda. Chai tuliambiwa imemwagika."

Wengi wao walikuwapo. Kila mmoja alikumbuka zile soda za kutumwa dukani mbio mbio, na niliona kwenye nyuso zao kwamba walikuwa wanazikumbuka siku zote. Hilo nalo niliandike. Hawakuwa hawajui. Hawakutaka tu kuunganisha.

Mwenyekiti akasema polepole, "Ni yeye alisema. Mtaalamu. Alisema tufanye kama magadi. Akaniambia baadaye nikilitaja hilo mradi utahamishiwa Katesh. Ningefanyaje? Wote mlikuwa mnakula kwenye mradi ule."

"Sema kwa sauti," nikamwambia. "Kwa sauti ile uliyosemea kiherehere changu."

"Mwenzangu, nimeshasema."

"Umeyaambia majivu. Waambie wao."

Akainuka kwenye kigoda. Ilimchukua muda, magoti yake mabovu. Akasema, kwa sauti, kwamba maji ya moto yalitoka kwake, yeye na mimi tuliyamwaga pamoja kwa amri ya mtaalamu, na kwamba kostiki aliitia yeye. Kisha akasema, "Mnisamehe," lakini aliwaangalia wao, hakuniangalia mimi.

Sikumsamehe. Najua ninavyotakiwa kusema, nasali jumuiya kama wengine, lakini naandika ukweli. Alikuwa anasubiri niseme neno na sikulisema. Nikamwambia anipishe, anaziba figa. Akanipisha. Yule wa Singe akaniletea mchele wake kwenye ungo, akaumimina kwenye maji, na mimi nikaukoroga.

Mtaalamu bado yuko ofisini kwake. Nilimtumia salamu kwamba hesabu imepata shahidi, na wanawake wa jikoni ile wanajua, na waume zao wanajua. Juzi tulipishana karibu na stendi, akavuka barabara.